Snodropu adimu: dalili, chanzo na la kufanya

Snodropu ni mmea wa baridi wa jenasi ya Galanthus: majani mawili, shina moja, ua moja jeupe lililoinama. Asili yake ni misitu na milima ya Ulaya, Uturuki na Kaukasi, na kwa kawaida huchanua kati ya Januari na Machi, baridi ikiwa bado imeshika. Spishi ni kama ishirini tu, lakini aina zilizochaguliwa na kupewa majina zimepita elfu moja, na mara nyingi kinachotofautisha aina mbili ni alama ya kijani isiyozidi punje ya mchele. Tofauti hiyo ndiyo inayolipiwa. Mwaka 2015 tunguu moja la 'Golden Fleece' liliuzwa kwa mnada wa mtandaoni kwa paundi 1,390, na mwaka 2022 'Golden Tears' ikafika paundi 1,850. Aina nyingi nzuri hupatikana kwa bei ya kawaida kabisa, lakini hata paundi ishirini zinauma zikiozea ardhini.

Maelezo haya ni ya mtu anayeishi penye majira ya baridi ya kweli. Miezi inayotajwa ni ya Uingereza, kwa kuwa huko ndiko biashara ya aina adimu ilikokolea. Aliye Sweden au Kanada asogeze mbele kwa wiki kadhaa.

Jambo la kushika kabla ya kuchimba chochote: dalili huonekana Februari, lakini chanzo chake kwa kawaida kiko Aprili, Mei au Juni ya mwaka uliopita. Ua la mwakani huanza kuumbika ndani ya tunguu wakati majani ya mwaka huu yanamalizia kazi. Anayemwaga mbolea Februari kwa sababu hakuona maua amechelewa miezi tisa. Kwa hiyo kila dalili hapa chini ina swali lake la kurudi nyuma: mmea huu ulikuwa katika hali gani majani yalipokuwa yakigeuka manjano?

Tunguu limefika likiwa limelegea

Tunguu la snodropu halina ganda nene kama la kitunguu cha jikoni. Hukauka haraka, na ukavu huua matunguu mengi. Yale yanayouzwa dukani Septemba na Oktoba ndani ya vifuko vyenye matundu mara nyingi yamekaa nje ya udongo tangu Juni.

Libonyeze kwa vidole viwili. Likiwa gumu na zito kwa ukubwa wake, ni zima hata kama ngozi ya nje ni chafu. Likibonyea kidogo huku kitako (ule mduara mgumu wa chini unaotoa mizizi) kikiwa kigumu, bado lina nafasi: lizike kwenye vamikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu kidogo ndani ya mfuko, mahali pa ubaridi, kwa siku chache, kisha lipande. Usililoweke kwenye glasi ya maji usiku kucha, maana tunguu lililokauka huwa na michubuko, na maji ya kusimama huifungulia michubuko hiyo uozo. Kitako kikiwa laini au kikitoka kwa kucha, hakuna la kuokoa. Piga picha siku hiyo hiyo umpelekee muuzaji. Ukungu wa bluu juu ya ngozi tu si msiba, ufute kwa kitambaa. Madoa mekundu ya kahawia yaliyoingia ndani ya magamba (tabaka nene za tunguu) ni habari nyingine, tutayafikia.

Wauzaji wa aina adimu hutuma kwa njia mbili. Ya kwanza ni baada ya maua, Februari na Machi, mmea ukiwa na majani mabichi na mizizi imefungwa kwenye karatasi yenye unyevu. Ya pili ni Juni na Julai, tunguu likiwa limelala. Wengi hupenda ya kwanza kwa sababu wanaona wanachonunua. Lakini mizizi ya snodropu ikikatika haichipui tena mpaka msimu unaofuata, kwa hiyo mmea uliong'olewa na majani hupoteza nguvu, na usishangae mwaka wa kwanza usipotoa ua. Tunguu lililolala likichimbuliwa Juni na kupandwa ndani ya siku chache halisikii kitu. Kama muuzaji anatoa hiari, chagua Juni. Kama ni la majani mabichi, lipande siku ile ile, hadi pale rangi ya shina inapobadilika kutoka nyeupe kuwa kijani, halafu mwagilia hata kama mvua inanyesha: maji ya kopo ndiyo yanayoshikamanisha udongo na mizizi.

Halikuota kabisa

Subiri kwanza. Galanthus elwesii nyingine huchomoza Desemba, lakini nyingine hungoja hadi mwisho wa Februari. Ikifika katikati ya Machi bila dalili, chimbua kwa uma mdogo, ukianzia mbali.

Ukikuta tunguu zima na gumu lisilo na chipukizi, lilikauka kabla ya kupandwa na linajaribu kujinusuru. Lirudishe, lipe mwaka. Ukikuta ngozi tupu kama karatasi, lilikauka likafa au lilioza siku nyingi. Ukikuta ganda lililojaa tope la kahawia, na ndani yake funza mnene wa rangi ya maziwa machafu, basi amekupata nzi wa narsisi, Merodon equestris.

Huyu ndiye adui anayestahili muda wako. Nzi mwenyewe ni mnene na mwenye manyoya, anafanana na nyuki bambi, na mlio wake ni mwembamba na wa kuudhi kuliko wa nyuki. Huruka siku za jua kuanzia mwisho wa Aprili hadi Julai, akishuka chini kwenye majani yanayokufa. Jani la snodropu linapolala na kunyauka huacha kishimo mpaka shingoni mwa tunguu. Hapo nzi hutaga yai, kwa kawaida moja kwa tunguu moja. Funza akishaanguliwa hushuka, huingilia kwenye kitako na kula kutoka ndani majira yote ya joto na baridi. Kitu cha kwanza anachokula ni moyo wa tunguu, yaani ua la mwakani. Mmea ukinusurika hutoa majani membamba kama nyasi.

Kinga yake ni ya kazi za mikono. Majani yanapoanza kuwa manjano, bonyeza udongo kwa vidole kuzunguka kila kishina mpaka vishimo vizibe. Funika vishada vya thamani kwa wavu mwembamba wa bustani kuanzia wiki ya mwisho ya Aprili hadi majani yatakapotoweka, na kingo za wavu zizikwe, maana nzi hutambaa. Nzi huyu hupenda jua, kwa hiyo mimea iliyo chini ya miti inayopukutisha majani hushambuliwa kidogo kuliko ile ya ukuta unaoelekea kusini. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayomfikia funza aliyekwisha kuingia.

Bado kuna nafasi moja. Ukichimbua mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai, funza bado ni mdogo. Chunguza kitako cha kila tunguu kwa miwani ya kukuzia: kitobo chenye kingo za kahawia, au sehemu inayobonyea, ndiyo alama. Kata hapo, mtoe, kisha tathmini kilichobaki. Hata theluthi moja ya kitako ikiwa nyeupe na safi, kipande hicho kinaweza kukatwa kwa njia ya magamba pacha (vipande vya magamba mawili mawili, imeelezwa mbele) na kukupa mimea miwili au mitatu ya jina lile lile.

Ukikuta tunguu limeliwa kwa nje, kama limeng'atwang'atwa, huyo ni kiwavi wa nondo aishiye ardhini, mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Hupatikana zaidi pale palipokuwa na majani ya nyasi au magugu. Chakura udongo kwa vidole, mwondoe. Kindi hawapendi kula snodropu, ila huchimbua udongo uliotoka kutifuliwa wakidhani kuna njugu. Kipande cha waya wa kuku juu ya udongo kwa wiki chache kinatosha.

Majani yapo, ua hakuna

Kishada kilichokuwa kikichanua kila mwaka kikaanza kutoa majani matupu, kwa kawaida kimejibana. Matunguu yamezaana mpaka yanasukumana juu, mengine yakiwa karibu na uso wa udongo ambako Mei hukauka kwanza. Chimbua, tenganisha, panda tena moja moja au matatu matatu, kina cha sentimita 8 hadi 10, nafasi ya sentimita 10. Rudia kila baada ya miaka mitatu au minne. Kwa aina ya bei kubwa kugawa mapema kuna faida nyingine: hupanda mahali pawili au patatu tofauti, na ugonjwa ukija hauchukui yote.

Kama si msongamano, uliza kuhusu Aprili na Mei. Je, majani yalikatwa au kufungwa fundo ili bustani ionekane safi? Je, palikuwa na ukame majani yakiwa bado ya kijani? Je, kuna mti wa kijani cha mwaka mzima juu yake? Snodropu huishi chini ya miti kwa sababu miti inayopukutisha huwa wazi wakati snodropu inafanya kazi. Chini ya mti usiopukutisha haipati mwanga wala mvua. Maji wakati wa Aprili kavu, na mbolea ya nyanya (yenye potasiamu nyingi) kwa nusu ya kipimo cha kwenye chupa kila wiki mbili tangu ua linapoanguka hadi majani yanapokuwa manjano, hurudisha maua mwaka unaofuata. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani laini ambayo kuvu huyapenda.

Spishi nazo hazilingani. G. nivalis hutaka unyevu na kivuli chepesi. G. elwesii, ambayo Henry John Elwes aliikuta karibu na Izmir mwaka 1874, hutoka kwenye miteremko inayokauka kiangazi, kwa hiyo huhitaji jua zaidi na udongo usiotuamisha maji. G. reginae-olgae ya Ugiriki huchanua wakati wa vuli na hutaka mahali pa joto zaidi. Ukipanda zote tatu chini ya kichaka kimoja chenye kivuli, mbili zitakunyima maua huku zikionekana zina afya.

Na tunguu lisilozaa vitoto? Huenda limepandwa chini mno. Kina kikubwa hupunguza kuzaana, kina kidogo huongeza kuzaana lakini huleta ukame na nzi. Sentimita 8 ni mapatano mazuri. Hata hivyo kuna aina ambazo ni za pole kwa asili, hasa nyingi za njano (zenye alama za njano badala ya kijani) za kundi la Sandersii, na hakuna mbolea ya kuziharakisha.

Ua lilianza, likakaukia ndani

Hili ni tatizo la vyungu karibu siku zote. Mizizi huanza kukua mwisho wa Agosti na Septemba, wakati juu hakuna kinachoonekana, na mtu huwa amesahau chungu kimekauka kama tofali. Anza kumwagilia mwanzo wa Septemba. Wakati wa kiangazi usiache udongo ukauke unga. Mwagilia kidogo mara moja moja, na chungu kiwe kivulini. Chungu cheusi kilichoachwa juani Julai huchemsha tunguu.

Sababu ya pili ni baridi kali. Ardhini mizizi hukingwa, ila chungu kilicho juu ya saruji huganda pande zote hadi katikati. Zika vyungu hadi ukingoni kwenye kitanda cha mchanga, au tumia vikapu vyenye matundu vya mimea ya majini, vya lita moja, vilivyozikwa ardhini. Vikapu hivi ni bora kuliko chungu kwa aina adimu: mizizi hutoka nje kunywa, lakini matunguu hubaki ndani na hayachanganyiki na jirani. Mchanganyiko unaokubalika ni theluthi ya udongo wa vyungu uliotengenezwa kwa udongo halisi, theluthi ya mboji ya majani, na theluthi ya changarawe ndogo ya milimita 3 hadi 6. Badilisha kila Julai.

Sababu ya tatu ni sebule. Ukiingiza chungu kwenye chumba chenye joto la nyuzi 20, ua huisha kwa siku chache na lililofumba hukauka. Lileteni mezani wageni wakija, kisha lirudi nje jioni.

Ua limefunguka, lakini si nililonunua

Hapa ndipo ugomvi wa pesa ulipo, na wengi humshtaki muuzaji kabla ya wakati. Pitia sababu nne kabla ya kuandika barua ya hasira.

Ya kwanza ni joto. Chini ya takriban nyuzi 10 ua halifunguki, na alama za petali za ndani hazionekani vizuri. Lete ua moja ndani kwa dakika chache chini ya taa, uangalie upya.

Ya pili ni umri na usumbufu. Tunguu linalochanua mara ya kwanza, au lililotoka kuhamishwa, mara nyingi huonyesha alama pungufu. 'Lady Elphinstone', yenye maua ya petali nyingi na alama za njano, ni maarufu kwa kutoa alama za kijani mwaka baada ya kuhamishwa, kisha ikarudi kwenye njano ikitulia. Aina za njano kwa jumla hufifia kuwa za kijani-njano zikikosa mwanga. Ipe misimu miwili.

Ya tatu ni mbegu. Kishada kikiachwa kiangushe mbegu, miche huota katikati yake, na baada ya miaka minne au mitano nusu ya matunguu yanayochimbuliwa si ya jina lile. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akakutumia mche. Kwa upande wako, kata kila tumba la mbegu kwenye aina zenye majina mara petali zinapoanguka.

Ya nne ni jina bandia, au tuseme wazi, udanganyifu. Ua huweza kubishaniwa, ila chini ya majani hakuna ubishi. Tazama pale majani mawili yanapotoka ardhini. Yakiwa yamelala bapa moja juu ya jingine, kwa kawaida una G. nivalis au chotara wake. Jani moja likiwa limelifunga jingine kama kanga, una elwesii au woronowii: elwesii ina majani mapana ya kijivu, woronowii ina majani ya kijani yanayong'aa. Kingo za majani zikiwa zimekunjwa kuelekea nyuma kama pindo la nguo, una G. plicatus au damu yake. Sasa linganisha na jina. 'Wendy's Gold' ni plicatus. Aliyeuziwa 'Wendy's Gold' akakuta majani membamba, bapa, yasiyo na pindo, huenda amepata njano ya nivalis ya kundi la Sandersii, na hiyo haibadiliki hata akisubiri miaka kumi. Vivyo hivyo, vifuko vya bei rahisi vilivyoandikwa elwesii vikitoa majani ya kijani ya kung'aa, hayo ni woronowii. Kosa hilo ni la kawaida sana madukani. Na ua la petali nyingi la 'Flore Pleno', ambalo huuzwa kwa mamia kwa bei ya chini, hupakwa majina makubwa kwenye minada.

Kabla ya kununua mnadani, omba picha ya mmea mzima iliyopigwa msimu huu, pamoja na majani tangu ardhini na tunguu lenyewe kando ya rula. Picha ya ua peke yake inaweza kuwa ya mtu mwingine. Uliza pia kama tunguu limefikia ukubwa wa kuchanua au bado mwaka mmoja, na kama limekuzwa kwa magamba pacha au kwa mbegu. Aliyekwepa swali la mwisho, mwache.

Lebo zipoteapo, jina limepotea. Ndege weusi wa bustani huzing'oa, jua hula wino. Andika kwa penseli, weka moja juu na nyingine ya pili ndani ya kikapu, na uwe na ramani kwenye daftari.

Madoa, ukungu na michirizi kwenye majani

Kwanza ondoa hofu ya baridi: asubuhi ya jalidi kali snodropu hulala chini kama imekufa, kisha husimama jua likiyeyusha barafu. Hakuna la kutibu.

Chipukizi linalotoka udongoni likiwa limedumaa na limefunikwa na manyoya ya kijivu ni Botrytis galanthina. Hutokea zaidi msimu wa baridi ukiwa na joto na unyevu. Ukichimbua utaona vidonge vyeusi vidogo shingoni mwa tunguu. Hivyo hubaki ardhini vikingoja. Toa mmea wote na udongo wa kuuzunguka, upeleke kwenye taka za nyumbani, usiupeleke kwenye mboji, na usipande snodropu hapo kwa miaka kadhaa. Mimea jirani igawe na ihamishe tunguu likilala. Mkulima wa nyumbani Uingereza hana dawa ya kuvu iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu, kwa hiyo jembe ndilo dawa.

Ncha za majani zikiungua rangi nyekundu ya kahawia, na madoa ya rangi hiyo yakiteremka, ni Stagonospora curtisii, ugonjwa unaoshirikiwa na narsisi na amarili. Huenezwa na matone ya maji. Kata jani chini ya doa ukiona mapema, futa mkasi kwa spiriti kati ya mmea na mmea, na umwagilie udongoni bila kulowesha majani. Tunguu lenye wekundu ndani ya magamba usilikate kwa ajili ya kuzalisha. Utagawa ugonjwa vipande kumi na sita.

Michirizi ya kijani hafifu, majani yaliyokunjika au maua yenye alama zilizovurugika mwaka hadi mwaka, ni virusi. Hazina tiba. Huenezwa na vidukari na nematodi (minyoo midogo ya udongoni), na pia na kisu chako. Jani moja lenye mstari si ushahidi. Mmea uleule ukionyesha hivyo misimu miwili, uchome hata kama ulikuwa wa paundi mia.

Konokono na koa hula petali na kuacha matobo. Waokote usiku kwa tochi.

Magamba pacha yaliyogoma

Njia ya haraka ya kuzalisha aina adimu bila kubadilisha jina ni kukata tunguu. Hesabu ya busara ni hii: ukiwa na moja, usikate. Ukiwa na matatu, kata moja. Na ujifunze kwanza kwa nivalis ya kawaida.

Kazi hufanyika Juni na Julai, majani yakishakufa na mizizi mipya ikiwa haijaanza. Vaa glavu, maana matunguu haya yana alkaloidi zenye sumu (mojawapo, galantamini, imekuwa dawa ya ugonjwa wa Alzheimer), na yasikae jikoni kamwe kwa jinsi yanavyofanana na vitunguu vidogo. Menya ngozi ya kahawia, punguza mizizi bila kula kitako, kata ncha ya juu. Futa kisu cha upasuaji kwa spiriti. Simamisha tunguu kichwa chini, ukate kutoka kitakoni kwenda juu: nusu, robo, thumuni, tunguu kubwa hutoa vipande 16. Anayetaka zaidi huchukua kila kipande na kupenyeza kisu kati ya magamba, akitenga mawili mawili. Sharti moja halina msamaha: kila jozi ishikamane na kijipande cha kitako.

Changanya mililita 500 za vamikulaiti na mililita 45 za maji. Ukiifinya mkononi lisitoke tone. Weka vipande humo ndani ya mfuko wa plastiki wenye hewa ya kutosha, funga, andika jina na tarehe, uweke gizani kwenye nyuzi 20 kwa wiki 12.

Ikiwa vyote vimeoza ndani ya wiki tatu, maji yalizidi au kisu hakikuwa safi, au kabati lilikuwa na joto la kupita kiasi. Kikioza kimoja tu, ndiyo kawaida. Kagua kila wiki, kitoe kabla hakijaambukiza wengine. Vipande vikibaki vyeupe na vigumu lakini bila kitoto, angalia chini: kitako hakipo, au mahali ni pa baridi mno. Ukikata Septemba, tunguu limeshageukia mizizi na matokeo huwa hafifu.

Vikifanikiwa, utaona kivimbe cheupe kati ya magamba mawili, juu kidogo ya kitako, mara nyingine kidogo kuliko mbaazi. Usikibandue. Panda kipande kizima na magamba yake, kitoto kikifunikwa kwa sentimita moja ya udongo, mahali pa ubaridi pasipoganda majira ya baridi ya kwanza. Jani la kwanza ni uzi tu. Baadhi hayatoi jani mwaka wa kwanza na hukua chini kwa chini, kwa hiyo chungu kitupu usikimwage hadi Machi ya pili. Ua huja mwaka wa tatu au wa nne.

Njia hii hufaa pia kwa amarili na narsisi, kwa hiyo aliye Nairobi au Arusha mwenye tunguu la amarili anaweza kufanyia mazoezi mkono wake huko huko.

Mbegu haioti

Ilikauka. Mbegu ya snodropu ina kinyama cheupe kinachowavutia sisimizi waibebe. Ikikaa bahashani miezi sita huenda ikangoja mwaka wa ziada. Panda mara tumba linapogeuka manjano na kulegea, Mei au Juni, kina cha sentimita moja, uache chungu nje kipigwe na baridi. Ua ni baada ya miaka mitatu hadi mitano, na halitakuwa na jina la mama yake.

Kifurushi kimezuiwa mpakani

Jenasi nzima ya Galanthus imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa sababu mamilioni ya matunguu yalikuwa yakichimbwa porini Uturuki. Tangu Januari 2021, tunguu linalotoka Uingereza kwenda nchi ya Umoja wa Ulaya, au kurudi, linahitaji kibali cha CITES pamoja na cheti cha afya ya mimea. Kuliweka kwenye sanduku la nguo hakulifanyi mzigo binafsi: mmea hai hauna msamaha huo. Mbegu haziguswi na CITES, ila cheti cha afya bado kinaweza kudaiwa. Mnunuzi wa tunguu moja mara nyingi hukuta karatasi zinazidi bei ya ua. Ndiyo maana wakusanyaji wa Ujerumani na Uholanzi hungoja maonyesho ya nchini mwao, au huagiza kwa pamoja chini ya kibali kimoja.

Kupeleka nyumbani Afrika Mashariki ni suala jingine. KEPHIS ya Kenya na TPHPA ya Tanzania, mamlaka za afya ya mimea, hutaka kibali cha kuingiza mimea kabla haijasafirishwa. Na hata kikipatikana, usiku wa baridi wa Limuru, Lushoto au Mbeya hautoshi: tunguu huhitaji wiki nyingi mfululizo za baridi ili shina lirefuke, na pasipo majira hayo hutoa majani mara moja au mbili, likapungua, likaisha.